UZI: Gift Ngoepe, glavu ilivyomtoa Randburg mpaka MLB na gongo lilivyomfungia mlango

Mzee wa Besi ya Pili:

Wakuu salama humu ndani?

Huu uzi nauweka jukwaa la michezo kwa sababu kila nikiona jina la Gift Ngoepe linatajwa, ni kwa sentensi moja tu, mzaliwa wa kwanza wa Afrika kucheza MLB (ligi kuu ya besiboli ya Marekani), tarehe 26 Aprili 2017, inawekwa video ya ile hiti (pigo linalomfikisha mpigaji besi salama) yake ya kwanza watu wanashangilia alafu basi. Career ya mtu ya zaidi ya miaka kumi inafupishwa kwa pigo moja. Mimi nataka tuiongelee yote, ya kabla na ya baada, na hasa kitu ambacho nakiona hakiongelewi kabisa, kwamba jamaa hakuwa pitcha (mrushaji). Alikuwa mchezaji wa ndani, shotistopu na besi ya pili. Nitaeleza huko mbele kwanini hiyo ndo sehemu nzito kuliko zote.

Kwa wasioufahamu mchezo naenda haraka haraka. Besiboli ina wachezaji tisa uwanjani. Watatu wanakaa nyuma kwenye majani huko mbali, mmoja anarusha (pitcha), mmoja anadaka nyuma ya mpigaji, na wanne wanaobaki ndo wa ndani, wanalinda besi (vituo ambavyo mpigaji akishapiga anavikimbilia): besi ya kwanza, besi ya pili, besi ya tatu, na shotistopu ambaye anasimama kati ya besi ya pili na ya tatu. Hawa wanne kazi yao kubwa ni mipira ya chini, inayokuja inadunda au inayoteleza ardhini. Mpira unaweza kutoka kwenye gongo kwa spidi ya kilomita 160 kwa saa, shotistopu yuko kama mita 40 au 45 kutoka hapo, anatakiwa ausome unadunda wapi, aende, audake, autoe kwenye glavu, aurushe mpaka besi ya kwanza, na yote hayo yaishe kabla mkimbiaji hajamaliza mita 27 na ushee. Mpigaji wa kawaida anayepiga mkono wa kulia anazimaliza kwa sekunde nne na kitu. Ukiteleza kidogo tu, ukiushika mpira vibaya vidole vikakosa mshono, mtu amefika.

Na makosa yako yanaandikwa. Kila mechi kwenye ubao kuna mstari wa makosa, unaonekana na uwanja mzima. Ni kama kipa, ukidaka kumi hakuna anayekumbuka ukiachia moja ndo habari ya kesho.

Sasa Gift. Alizaliwa Januari 1990 Polokwane, kaskazini mwa Afrika Kusini, akakulia Randburg pale Johannesburg. Mama yake Maureen alikuwa anafanya kazi kwenye klabu ya besiboli inaitwa Randburg Mets, usafi na kuitunza nyumba ya klabu, na familia ikawa inaishi hapo hapo klabuni kwenye chumba kidogo. Yani huyu dogo akifungua mlango asubuhi anaona uwanja wa besiboli. Watoto wengi Afrika Kusini wakati ule wanaona soka, rugby na kriketi, yeye alichokiona mlangoni kwao ni besi nne na udongo.

Hapo ndo mchezaji wa ndani anapotengenezwa. Mpira wa chini haujifunzi kwa kuelezwa, unajifunza kwa kuudaka mara elfu na elfu mpaka mguu unaanza kusogea wenyewe. Mtoto anayekuja mazoezini Jumamosi tu anadaka mipira hamsini anarudi kwao. Anayeishi klabuni anadaka mpaka giza liingie.

Ngoja nile nirudi na sehemu ya pili.

mkude_the_great:

Nimeweka kiti hapa mkuu. Mi besiboli nilikuwa naona kwenye muvi tu sikuwahi kuielewa, leo nimeelewa shotistopu ni nani.

Wanjiru wa Thika:

Endelea buda. Huyu Gift nilimskia tu ile 2017, sikujua alikuwa anaishi kwa clubhouse. Swali, alienda aje Marekani? Scout walimpata SA ama alienda huko kwanza?

Mzee wa Besi ya Pili:

Swali zuri dada Wanjiru na ndo sehemu ya pili yenyewe.

MLB walikuwa na akademi yao Ulaya, pale Tirrenia Italia karibu na Pisa, wanakusanya vijana wenye vipaji kutoka Ulaya na Afrika wanawaleta makocha wa maana. Gift akapelekwa huko akiwa kijana. Moja ya makocha waliokuwepo ni Barry Larkin, na kwa anayeijua besiboli hapa lazima akae vizuri, mana Larkin ni shotistopu wa Cincinnati Reds, MVP (mchezaji bora) wa National League, moja ya ligi mbili zinazounda MLB, 1995, akaingizwa Hall of Fame (jumba la magwiji) 2012. Kwahiyo mtoto wa chumba cha klabu Randburg anafundishwa miguu na mikono na mmoja wa mashotistopu bora waliowahi kuishi, na Larkin alimpenda yule dogo.

2008 Pittsburgh Pirates wakamsaini. Alikuwa na miaka 18. Bonasi dola 15,000. Akawa Mwafrika Kusini mweusi wa kwanza kusaini na klabu ya MLB.

Hiyo 15,000 naomba muielewe vizuri kwa sababu bonasi ndo inaonyesha klabu inakuamini kiasi gani. Mtu waliyemlipa milioni mbili watamvumilia hata akipiga vibaya misimu mitatu, wameshaweka pesa yao. Mtu wa dola 15,000 yeye kila mwaka ni usaili upya, hakuna anayeumia ukiachwa.

Na Machi 2009, hata msimu wake wa kwanza wa kulipwa haujaanza, akaenda na timu ya taifa ya Afrika Kusini kwenye World Baseball Classic, mashindano ya dunia ya timu za taifa, kule Mexico City. Mechi na Mexico walifungwa 14 kwa 3, lakini huyu dogo wa miaka 19 akapiga mipira miwili ambayo kila mmoja alikimbia mpaka besi ya tatu. Mbele ya uwanja mzima wa Wamexico. Kupiga mara moja mpaka besi ya tatu ni nadra, kuna wachezaji wa MLB msimu mzima hawapati hata mbili, yeye amepata mbili kwenye mechi moja dhidi ya watu wazima.

Baada ya hapo ndo yakaja yale maisha marefu ya ligi ndogo. Kila klabu ya MLB ina timu zake za chini, unaanzia rookie (wachezaji wapya), unapanda Singo A, Dabo A, Tripo A, na juu kabisa ndo MLB. Gift alianzia Florida kwenye timu ya rookie, State College, West Virginia, Bradenton, Altoona, Indianapolis. Miaka nane na nusu. Mabasi usiku kucha, moteli za barabarani, chakula cha haraka, mechi karibu kila siku kuanzia Aprili mpaka Septemba. Na mishahara ya ligi ndogo miaka ile ilikuwa midogo mno, ngazi za chini mchezaji haoni hata dola 1,500 kwa mwezi na analipwa miezi ya msimu tu. Msimu ukiisha tafuta kazi au rudi kwenu.

Vijana wa Marekani msimu ukiisha wanaenda kwa wazazi wao masaa matatu kwa gari. Wa Dominican na Venezuela wapo wengi timu moja, wana lugha yao, wanapika pamoja. Huyu yuko peke yake, hakuna mwingine wa kwao kwenye chumba cha kubadilishia nguo.

Msafiri_PA:

Mkuu niongezee hapo, mimi naishi Pennsylvania, Altoona naifahamu. Ni mji mdogo wa reli milimani, mpaka Pittsburgh ni kama kilomita 150 tu. Uwanja wao uko pembeni ya park ya michezo, wakati ule kulikuwa na roller coaster inaonekana ukiwa umekaa jukwaani. Ninachotaka watu waelewe ni kwamba mchezaji akiwa Altoona yuko karibu sana na MLB kwa barabara, chini ya masaa mawili, lakini wengi wanakaa pale miaka na hawaendi popote. Gift alikaa pale 2013, 2014 na sehemu ya 2015. Altoona ni timu ya Dabo A, na daraja hilo ndo chujio kali, mana hapo mapitcha wanaanza kuwa na slaida (mrusho unaopinda ukikaribia mpigaji) ya kweli na wanaijua kuiweka pale wanapotaka.

Mzee wa Besi ya Pili:

Asante sana mkuu Msafiri umenisaidia, ni pale pale.

Na 2013 ndo mwaka mgumu kuliko yote. Mama yake alifariki. Maureen, aliyemlea kwenye ile klabu, aliondoka kabla ya kuona mwanae anakanyaga uwanja wa MLB. Mtu yuko bara lingine, anapambana na mapitcha wa Dabo A ambao wanamshinda, na anampoteza mama. Kuna wachezaji wengi tu wenye kipaji wangeacha hapo na hakuna ambaye angewalaumu. Yeye aliendelea. Novemba 2015 Pirates wakamuweka kwenye orodha ya watu 40, ile orodha ambayo ukiwemo klabu inaweza kukupandisha siku yoyote. Sababu ya kumuweka ilikuwa glavu. Takwimu zake za kupiga hazikuwa za mtu wa MLB na kila mtu klabuni alijua, ila kwenye kudaka walikuwa wanamhesabu kama mmoja wa bora kwenye mfumo wao mzima.

Kiboko ya Mabeki:

Samahani mkuu mi nina swali la kijinga. Kama anadaka vizuri hivo si wamuweke adake tu na kupiga apige mwingine? Mana soka beki hafungi magoli na hamna anayemuuliza.

Mzee wa Besi ya Pili:

Sio la kijinga kabisa ndugu yangu, hilo ndo swali la uzi wenyewe. Kwenye besiboli kila anayecheza uwanjani anapanga foleni na kupiga, tisa kwa zamu. Mmoja tu ndo anaweza kupigiwa na mtu mwingine, pitcha, na wakati ule kwenye National League waliko Pirates hata pitcha alikuwa anapiga mwenyewe. Kwahiyo shotistopu akidaka mipira mitano kwa mechi, anasimama kupiga mara nne. Ukiwa hauwezi kupiga ni shimo kwenye foleni na pitcha wa upande wa pili anapumzika akifika kwako.

Zamani walivumilia. Na mfano mzuri unatoka Pittsburgh hapo hapo, Mario Mendoza, shotistopu wa Mexico, aliingia Pirates 1974. Alikuwa anapiga vibaya mpaka jina lake likawa kipimo, ukiwa wastani wako wa kupiga uko kwenye .200, yani hiti mbili kwa kila mara kumi, wanasema uko kwenye mstari wa Mendoza. Lakini yule mzee alicheza MLB misimu tisa, 1974 mpaka 1982, Pirates, Seattle na Texas. Misimu tisa kwa glavu.

Ozzie Smith naye miaka yake ya mwanzo San Diego alikuwa hapigi, ila glavu yake ilikuwa kitu ambacho dunia haijawahi kuona, wakamvumilia, akaja kuimarika akiwa St. Louis, akamaliza na Gold Glove (tuzo ya mdakaji bora wa nafasi yake) 13 na sasa yuko Hall of Fame.

Kipindi cha Gift mambo yalishabadilika. Timu ilikuwa na wachezaji 25, na siku hizi mapitcha wanachoka mapema wanabadilishwa badilishwa, kwahiyo 12 au 13 kati ya hao 25 walikuwa mapitcha. Toa wale wanaoanza, benchi wanabaki watu wanne au watano tu. Mmoja lazima awe mdakaji wa akiba wa nyuma ya mpigaji. Zinabaki nafasi tatu au nne na kocha anataka kila mmoja acheze sehemu nne na apige. Ile nafasi ya Mendoza imekufa. Gift alizaliwa na kipaji ambacho miaka ya 70 kingempa misimu tisa, akaja kukipeleka sokoni 2017.

mkude_the_great:

Daah hii inauma aisee.

Wanjiru wa Thika:

Sasa tupatie siku yenyewe, 26 April.

Mzee wa Besi ya Pili:

Haya twende.

Aprili 2017 Pirates walikuwa na matobo. Jung Ho Kang, Mkorea aliyekuwa acheze besi ya tatu, alikuwa amekwama Korea amekosa visa baada ya kesi ya kuendesha gari amelewa. Starling Marte nyota wao kafungiwa mechi 80 kwa dawa za kuongeza nguvu. Msaada ukatafutwa Indianapolis, timu yao ya Tripo A, Gift akapigiwa simu.

Mechi ni PNC Park, Pittsburgh, wanacheza na Chicago Cubs. Cubs hawa ndo mabingwa wa dunia wa 2016. Pitcha wao ni Jon Lester, mkono wa kushoto, mmoja wa wazoefu wakubwa. Kocha Clint Hurdle akamuingiza Gift ininga (kipindi, mechi ina tisa) ya nne kucheza besi ya pili. Anaingia uwanjani tu historia imeshatimia, kati ya karibu watu 19,000 waliowahi kucheza MLB tangu karne ya 19 huyu ndo wa kwanza kuzaliwa na kukulia Afrika. Ininga ile ile ikafika zamu yake kupiga, Lester akarusha, Gift akaupiga mpira ukapita katikati ya uwanja, hiti. Mara yake ya kwanza kusimama. Kuna watu wanasubiri wiki kupata ya kwanza, yeye dhidi ya Lester akapata papo hapo. Pirates walishinda 6 kwa 5.

Na hesabu ya pesa niwawekee mana wengi hawaijui. Kima cha chini cha MLB mwaka 2017 kilikuwa dola 535,000 kwa msimu, ukigawa kwa siku za msimu ni karibu dola 2,900 kwa siku. Kwahiyo ndani ya siku sita za MLB analipwa zaidi ya ile bonasi yote aliyosainiwa nayo 2008. Miaka nane na nusu ya mabasi kwa upande mmoja, siku sita upande wa pili. Ndo mana nawaambia watu wasiseme "alicheza kidogo tu". Kila siku moja pale juu ilikuwa inabadilisha maisha ya familia nzima.

Kiboko ya Mabeki:

Alafu ikawaje? Mana wote tunajua hiyo hiti, baada ya hapo giza.

Mzee wa Besi ya Pili:

Baada ya hapo ndo ninapotaka watu wapaangalie bila kugeuza uso.

2017 alicheza mechi 28 kwa Pirates, hiti 12 kwenye mara 54, wastani .222. Glavu ilikuwa ya MLB kabisa, hapo hakuna ubishi, ukimuangalia anavyogeuza dabo plei, yani anapokea mpira kwenye besi ya pili, anakanyaga, anaruka mkimbiaji, anarusha kwenye besi ya kwanza wanatolewa wawili kwa mpira mmoja, mikono inakuwa na haraka mpaka huoni mpira ukitoka kwenye glavu. Na hapo Pittsburgh wanajua hatari yake, mana Septemba 2015 yule yule Kang alivunjwa mguu pale pale kwenye besi ya pili na mkimbiaji wa Cubs aliyeteleza kumvuruga asirushe, na mwezi uliofuata Chase Utley wa Dodgers akamvunja Ruben Tejada wa Mets kwenye playoff (mechi za mtoano), 2016 wakabadilisha sheria za kuteleza.

Lakini kwenye gongo alikuwa anakosa. Mapitcha walijua haraka, wakamuanzia mipira ya kasi juu na slaida inayokimbia nje. Mpira wa kilomita 150 kwa saa unakufikia kwa kama sekunde 0.4, nusu ya muda huo unatakiwa uwe umeshaamua. Akawa anatolewa kwa kukosa mara tatu mara nyingi mno. Wakamrudisha Indianapolis.

Novemba 2017 akapelekwa Toronto Blue Jays. 2018 akaanza msimu nao, Troy Tulowitzki shotistopu wao mkubwa alikuwa majeruhi akaukosa mwaka mzima, kwahiyo nafasi ilikuwepo. Mechi 13, hiti 1 kwenye mara 18. Wakamshusha Buffalo, timu yao ya Tripo A, na hakurudi tena MLB. Msimu wa joto wa Australia akaenda kucheza Sydney Blue Sox.

Jumla ya MLB ni mechi 41, hiti 13 kwenye mara 72, .181. Chini ya mstari wa Mendoza.

Ndevu za Kale:

Mtoa uzi mi nitakuwa tofauti na wewe. Namheshimu ila tusitafute visingizio vya benchi limepungua sijui miaka ya 70. Alipewa nafasi Pirates, akapewa Toronto, hakupiga. Jose Altuve wa Houston Astros, mfupi kuliko wote, alisainiwa Venezuela kwa dola 15,000 hiyo hiyo na mwaka huo huo wa 2017 akawa MVP wa American League, na yeye besi ya pili pia. Bonasi sio sababu.

Mzee wa Besi ya Pili:

Mkuu Ndevu hoja yako nzito na nimeipenda kwamba umeleta Altuve, mana ndo mfano unaoonyesha ninachokisema. Dola ni sawa, udongo waliokulia sio sawa. Altuve amekulia Maracay, Venezuela, mtoto wa miaka kumi pale anacheza dhidi ya watoto ambao baadhi yao watakuja kuwa mapitcha wa kulipwa, akiwa na 15 ameshaona mipira inayopinda na mipira ya kasi kila wikiendi. Macho ya mpigaji yanajengwa hapo, hakuna njia ya mkato. Ubongo unatakiwa uwe umeona mirusho mizuri maelfu kabla haujafika miaka 18.

Gift Randburg angeiona wapi? Afrika Kusini wachezaji ni wachache, pitcha mwenye kasi ya kweli unaweza kukutana naye mara moja moja. Kudaka unaweza kujifunza peke yako, ukuta upo, mpira upo, ardhi ipo. Kupiga huwezi kujifunza peke yako, lazima kuwe na mtu mita 18 mbele yako anayerusha kwa ubora wa juu. Ndo mana glavu yake ilifika MLB kamili na gongo likafika nusu njia. Uwezo wake binafsi siuoni kuwa tatizo, naona kilichokuwa kinamzunguka.

Na angalia waliomfuata. Wa pili kutoka Afrika Kusini kufika MLB ni Tayler Scott, 2019 na Seattle Mariners. Pitcha. Dodgers 2022 walisaini Waganda wawili, Ben Serunkuma na Umar Male. Mapitcha wote. Pirates wenyewe 2023 wakasaini Mganda mwingine, David Matoma. Pitcha. Mkono wa kurusha unapimwa na rada, unarusha kilomita 145 na una miaka 17 basi umeonekana, mengine watakufundisha huko. Mpigaji hapimwi hivo, anahitaji mashindano yaliyomlea. Kwahiyo Mwafrika kupita kama mchezaji wa ndani, anayetakiwa kudaka na kupiga kila siku, ni mlima mrefu zaidi na Gift aliupanda akafika. Hata mdogo wake Victor alisainiwa na Pirates hao hao, naye wa ndani, udongo ule ule wa Randburg.

Ndevu za Kale:

Hapo kwenye mirusho kabla ya miaka 18 umenipata. Bado naamini Toronto angeweza kufanya zaidi ila nimekuelewa.

Ssebo wa Mukono:

Mimi niko Uganda, Kiswahili changu mnivumilie. Hapa besiboli ipo kabisa. 2011 watoto wetu wa Kampala walishinda mashindano ya kanda wakanyimwa visa hawakwenda, na 2012 timu ya Lugazi ikaenda Williamsport, Marekani, kwenye Little League World Series, mashindano ya dunia ya besiboli ya watoto, ya kwanza kutoka Afrika. Hiyo iliumiza na kufurahisha kwa pamoja. Lakini nakubali na mtoa uzi, hapa kila mtoto mwenye mkono anataka kuwa pitcha kwa sababu ndiyo waliosainiwa. Shotistopu wazuri wapo, ila wanapiga dhidi ya mapitcha wale wale kila siku, wanawazoea.

Mzee wa Besi ya Pili:

Ssebo umenigusa sana na karibu sana. Ile ya 2011 inabaki kuwa kidonda. Hicho ulichosema cha kuzoea mapitcha wale wale ndo dawa yake inapotakiwa kutafutwa: timu zetu za kanda zicheze zenyewe kwa zenyewe mara nyingi, Uganda, Kenya, Tanzania, Burundi, mpigaji aone mikono tofauti. Nauli ya basi Kampala mpaka Dar ni ndogo kuliko tiketi ya Florida.

Wanjiru wa Thika:

Kwani Bongo mko na besiboli? Sijawahi skia.

Mzee wa Besi ya Pili:

Ipo dada. Dar pale Azania Sekondari kuna uwanja wa besiboli kabisa, umejengwa kwa msaada wa Wajapani, na mashindano ya shule yanafanyika. Watoto wanacheza kwa nidhamu ya Kijapani, wanaushukuru uwanja kabla na baada ya mechi. Nenda siku ya mashindano utashangaa.

mkude_the_great:

Mkuu la mwisho. Mi nina mdogo wangu yuko form one Dar, mwepesi balaa, soka hapendi. Ukisema aanze kama Gift, hana klabu mlangoni, hana glavu, anaanzaje?

Mzee wa Besi ya Pili:

Aanze na mpira wa tenesi na ukuta. Asimame mita nne au tano, arushe chini ya ukuta urudi unadunda, adake kwa mikono mitupu. Mpira wa tenesi ni mzuri mana ukiwa na mikono migumu unaruka unakutoka, unakulazimisha uupokee laini. Miguu ipanuke zaidi ya mabega, makalio chini, mikono mbele ya mwili sio chini ya miguu, na macho yaufuate mpira mpaka unaingia kwenye kiganja. Asisubiri mpira umfikie, ausogelee, mchezaji wa ndani anayesubiri anaupata kwenye mdundo mbaya. Dakika ishirini kila siku kabla ya shule. Kama anarusha kwa mkono wa kulia, wiki mbili adake mipira ya upande wa kushoto, alafu aanze ya upande wa kulia, mkono wa kushoto ukivuka mwili na kiganja kikigeukia mpira, huo ndo unaowashinda wengi.

Glavu akija kuipata asichukue kubwa. Za wachezaji wa ndani ni ndogo, inchi 11 na robo au 11 na nusu, mfuko wake hauna kina ili mpira utoke haraka. Watu wanawanunulia watoto makubwa ya nje ya uwanja mpira unapotelea humo ndani.

Na Jumamosi ampeleke Azania aangalie, akipenda aombe kucheza. Kwenye kupiga asikae na pitcha mmoja rafiki yake, kila anayejua kurusha pale amuombe amrushie.